Mtaro Huzibuliwa Kuanzia Chini

Maneno haya yalisemwa mbele ya wakazi wa mtaa mmoja wa bondeni jijini Kampala, kabla ya mvua za Machi kuanza. Yameandikwa yalivyotoka, ila marudio yamepunguzwa.

Bwana mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, wazee wetu, kina mama wa sokoni, vijana wa stendi ya boda, wenye nyumba na wapangaji wenu, habari za mchana.

Tumeombwa tuzungumze Kiswahili kwa sababu hapa yupo Mganda, yupo Mwacholi, yupo Msomali, na yupo aliyetoka Bukavu juzi tu, na lugha inayomfikia kila mmoja bila mkalimani ni hii. Zamani mtu wa Kampala akisikia Kiswahili alidhani askari wamekuja. Leo tumekuja kwa ajili ya mitaro, kwa hiyo msikimbie.

Shukeni nasi kwa mawazo kutoka kwenye lami. Juu kuna fleti mpya zenye ukuta mrefu na geti la chuma. Chini kidogo kuna anayechoma chapati, kuna saluni, kuna duka la kuweka na kutoa pesa za simu. Halafu barabara inageuka udongo, na mizigo inaanza. Chumba kimoja cha kupanga hapa kwetu tunakiita muzigo. Mgeni wa kutoka Mombasa akisikia mtu "anatafuta muzigo wa bei nafuu" atadhani kapotelewa na sanduku. Sasa simameni mbele ya mlango wa muzigo wowote wa safu ya mwisho. Pale mlangoni pana kizingiti cha matofali kilichopigwa plasta, kinamfika mtu mzima karibu na goti. Kikaguliwe vizuri: tabaka la chini ni la saruji iliyokwisha kuwa nyeusi, la katikati ni la kijivu, la juu bado lina rangi ya saruji mpya. Kila tabaka ni mvua moja kubwa iliyovuka lililotangulia. Ndani, miguu ya kitanda imekaa juu ya matofali, na soketi ya umeme bado iko palepale chini, shubiri moja kutoka sakafuni. Hilo la soketi lirekebishwe hata kabla ya mtaro: ipandishwe ifike mita moja, na maji yakianza kuingia, swichi kuu izimwe na mtu aliye pakavu.

Watu wanasema mvua za siku hizi zimezidi. Huenda. Lakini hata mvua ikiwa ileile, maji yanayotufikia yameongezeka, na sababu yake unaweza kuihesabu kwa kalamu.

Kiwanja cha kawaida kwetu ni futi 50 kwa 100, yaani karibu mita za mraba 465. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu Kampala, inaangusha kwenye kiwanja hicho lita 18,600. Gawanya kwa jerikeni ya lita 20, unapata jerikeni 930. Kiwanja kilipokuwa na migomba na nyasi, udongo ulikunywa sehemu kubwa, na kilichobaki kilitoka taratibu, jioni hadi usiku. Kiwanja hichohicho kikishajaa jengo, na ua ukatandazwa peva, yale matofali ya kutandika chini, zilizobanana, karibu maji yote yanatoka, na yanatoka kwa pamoja. Viwanja kumi vya namna hiyo ni jerikeni zaidi ya elfu tisa, na zote zinakimbilia mtaro uliochimbwa enzi za migomba.

Hatusemi fleti zisijengwe. Watu wanahitaji mahali pa kulala. Tunasema kila paa lijibu kwa maji yake. Safu ya mizigo kumi yenye paa la mita 30 kwa 5 inakusanya lita 6,000 kwa mvua hiyo ya milimita 40. Gata na tangi la lita 2,000 vinashika theluthi ya maji hayo. Ila tangi liwe limepungua kabla ya mvua. Tangi lililojaa tangu juzi halizuii hata tone. Fungulieni maji ya kufulia, yatumike. Na maji ya mwanzo kabisa ya paa, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe. Hayo si ya kuweka tangini.

Kuna jambo lingine linaloumiza zaidi na linasemwa kwa minong'ono. Anayenunua kiwanja bondeni leo huanza kwa kukipandisha. Kupandisha futi 50 kwa 100 kwa mita moja kunahitaji mita za ujazo 465 za moramu, udongo mwekundu wa changarawe. Kwa tipa linalobeba mita tano, hizo ni safari 93, na udongo ukishindiliwa unashuka, kwa hiyo ni zaidi ya hapo. Mwenye muzigo mmoja hawezi. Anayeweza anapanda, na maji yaliyokuwa yakilala kwake yanahamia kwa jirani wa zamani. Na barabara nayo, kila inapotengenezwa, inaongezwa tabaka. Nyumba iliyojengwa usawa wa barabara miaka ishirini iliyopita sasa imekaa kama sahani kati ya kuta mbili. Mwenye nyumba ile hakufanya kosa lolote. Alibaki tu alipokuwa.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza kwa anayejaza kifusi: kabla ya tipa la kwanza kumwaga, mtaro wa pembeni uwe umeshajengwa, ndani ya mpaka wako, ukielekea chini. Mwenyekiti asitie muhuri wa barua yoyote ya mradi huo kabla ya kwenda kuuona kwa macho. Ukisubiri jengo liishe, mtaro hauji. Pesa ya mwisho ya jengo huenda kwenye geti.

Tumefika kwenye geti, basi tulizungumzie. Mtaro wa barabara una kalavati la kipenyo cha milimita 600. Mtu anataka gari lake liingie, ananunua bomba la 300 kwa sababu ni rahisi, analifukia mbele ya geti, anamwaga zege juu. Kipenyo kikipungua nusu, tundu linabaki robo. Na kwa kuwa maji yanasuguana na ukuta wa bomba, yanayopita yanashuka hadi karibu moja ya sita. Moja ya sita! Mwingine husema, basi nitaweka mabomba mawili. Mawili ni theluthi. Na mtaro wote wa juu yako, hata uwe mpana kiasi gani, sasa una uwezo wa tundu lako hilo.

Dawa yake ni slabu za kunyanyuliwa. Mtaro ukiwa na upana wa sentimita 60, slabu iwe na urefu wa 90 ili kila upande ulale sentimita 15 juu ya ukuta, upana 40, unene 12. Kila moja ina uzito wa kilo mia na kidogo, watu wanne wanainyanyua bila shida. Nondo za milimita 12 zikae karibu na uso wa chini, zimefunikwa na zege ya sentimita tatu hivi, kwa sababu slabu ikilemewa hupasukia chini. Fundi akiziacha zielee katikati au juu, tairi la kwanza zito linaivunja, halafu vipande vinaanguka mtaroni na kuwa bwawa. Imwagiliwe maji kwa siku saba angalau kabla gari dogo halijapita, na ikiwezekana isubiri wiki nne. Hizi ni za gari dogo. Anayepitisha malori amwite mhandisi.

Halafu mteremko. Hapa wengi huamini macho, na macho bondeni hudanganya. Chukua mpira mwembamba wa mita 20, ule unaoonyesha maji ndani, ujaze maji mpaka usione povu hata moja ndani, shikilia ncha moja huku, nyingine kule. Maji ya ncha zote mbili yanalingana. Pima kutoka usawa huo hadi sakafu ya mtaro kila upande. Tofauti ndiyo mteremko wako. Sentimita moja kwa kila mita ni nzuri: mita 20, sentimita 20. Ikishuka chini ya nusu sentimita kwa mita, mchanga unaanza kulala. Povu moja tu ndani ya mpira linaharibu kipimo chote, kwa hiyo ugonge-gonge kwa kidole kabla ya kusoma.

Sasa kuzibua. Sisi hapa tunapenda bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa, na ni jambo la heshima. Lakini kila zoni inatoka Jumamosi yake na kuanzia mlangoni pake. Wa juu wanazibua, maji yanapata kasi, yanakokota matope mpaka kwa wa chini ambao bado wameziba, na Jumapili wa chini wamefurika. Kisha lawama. Mtaro huzibuliwa kuanzia chini, kwenye kalavati la mwisho linaloingia mfereji mkubwa, mkipanda kidogo kidogo. Kila mnapofika, maji yaliyosimama juu yanapata pa kwenda.

Na hesabu ya matope ifanywe kabla. Mtaro wenye upana wa sentimita 60, ukiwa na matope ya sentimita 30, kwa mita mia moja una mita za ujazo 18. Toroli la lita 60 linahitaji safari 300. Hiyo si kazi ya asubuhi moja kwa watu kumi na makoleo manne. Ndiyo maana huwa tunachoka saa tano, tunayarundika matope ukingoni na kurudi nyumbani kuoga. Mvua ya kwanza inayarudisha yote ndani, tena yakiwa yamelainika. Afadhali mita 40 zilizoondolewa kabisa kuliko mia moja zilizopangwa ukingoni. Tipa la mita tano hubeba mita 40 hizo kwa safari mbili, yaani lipatikane siku ileile, si wiki ijayo.

Wale vijana wanaochota mchanga mtaroni na kuuza, waacheni. Wanafanya bure kazi ambayo tungelipia. Ila wewe unayenunua mchanga huo ujue una udongo na uchafu, haushiki saruji vizuri, na plasta yake hubanduka kama maganda. Ukiutumia, uoshe, na usiutumie kwenye slabu wala nguzo.

Kila anayeingia mtaroni avae gambuti na glavu ngumu. Mna chupa, mna misumari, mna sindano.

Kuhusu takataka, tuseme ukweli: kinachoziba ni kavera, yaani mfuko wa plastiki, lakini kinachoijaza kavera ni maganda ya matoke. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni maganda na mabaki ya chakula. Maganda peke yake hayana matatizo. Wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wanayatafuta kwa gunia. Yakichanganywa na kavera, nepi na vichupa, hakuna anayeyataka, lori likichelewa yanaoza, na usiku mtu anayapeleka mtaroni mvua ikinyesha, akisema maji yatayabeba. Yanabebwa, ndiyo, mpaka kalavati la jirani. Tangu jalala la Kiteezi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya thelathini, kila mmoja ameona kwamba taka za jiji hili hazina mahali pa kupotelea. Nyumba iweke magunia mawili. La maganda lichukuliwe kila siku mbili, maana siku ya tatu linatoa maji na inzi.

Mmetuuliza kama tuweke wavu wa chuma mbele ya kalavati. Wekeni, kwa sharti moja: awepo mtu anayejulikana, mwenye reki, ambaye kazi yake ni kuusafisha kila mvua inapokaribia na kila inapokatika. Vyuma vilalie nyuma kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, nafasi ya sentimita kumi kati ya kimoja na kingine, ili taka zipande juu badala ya kubanana chini. Kama mtu huyo hayupo, msiweke. Wavu usio na mtu ni ukuta.

Na yale mabomba ya maji yanayokatiza ndani ya mtaro, mabomba madogo meusi, wakati mwingine sita kwa mstari mmoja, kama kamba za kuanikia nguo. Yanakamata makavera, hilo mnaliona. Msiloliona ni hili: maji ya bomba yakikatika, ndani ya bomba hubaki mvuto, na kiungo kinachovuja kinavuta maji ya mtaro. Maji yakirudi, jerikeni ya kwanza ina uchafu huo. Mabomba yavushwe juu ya ukingo, ndani ya bomba kubwa la chuma la kuyakinga, na kusiwe na kiungo chochote katikati ya mtaro. Maji yakirudi baada ya kukatika, ya kwanza yamwagwe, ya kunywa yachemshwe. Chemchemi zetu, hata zilizojengewa saruji na mdomo wa bomba, zichemshiwe vilevile. Vyoo vya shimo viko juu yake na udongo hauchuji yote.

Vyoo. Tunajua hapa watu wanainamisha macho. Bondeni ukichimba mita moja, wakati mwingine chini ya hapo, unakuta maji, kwa hiyo choo kinajengwa juu, chenye ngazi. Kikijaa, gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye vichochoro vyetu, na mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa tundu chini ya ukuta na kuacha maji ya choo yatoke. Kila choo cha namna hiyo kina kiraka cha saruji upande wa mtaro, hakifichiki. Maji hayo yanaingia mfereji mkubwa wa Nakivubo, Nakivubo inapita eneo la viwanda na Namuwongo, na kumwaga kwenye kinamasi. Mafunjo yaliyokuwa yakichuja yamekatwa mengi na kupandwa magimbi. Kinachobaki kinaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ni katika ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba inachota sehemu ya maji ya bomba la jiji. Mzunguko umekamilika, nyabo, na chai umeshainywa.

Njia ipo: wapo vijana wenye pampu ya mkono na mapipa ya lita 200, wanaopita kwa toroli hadi gari lilipoegeshwa. Kinachowashinda ni vitu tunavyotupa humo: nguo, pedi, nepi, makavera. Pampu inaziba, kazi ya saa mbili inakuwa ya siku nzima, na bei inapanda kwa haki. Ndoo yenye kifuniko iwekwe ndani ya kila choo kwa ajili ya vitu hivyo. Na mwenye nyumba aweke pesa ya kunyonya choo pembeni kila mwezi kutoka kwenye kodi. Akisubiri kijae ndipo atafute pesa, atatafuta nyundo.

Hapo tumefika kwenye malalamiko ya wapangaji, na mwenyekiti ametuomba tuyaguse. Mtaro ukipona na lami ikafika, kodi inapanda. Tumeliona mitaa mingine. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inasema ongezeko lisizidi asilimia kumi kwa mwaka. Muzigo wa 200,000 mwakani uwe 220,000, usiwe 300,000. Kumfukuza mpangaji kunahitaji amri ya mahakama. Kung'oa mlango au kukata maji si amri ya mahakama. Makubaliano ya thamani ya shilingi 500,000 na kuendelea lazima yaandikwe, lakini hata chini ya hapo andikeni, na mpangaji adai risiti ya kila mwezi, hata ya kwenye karatasi ya daftari yenye sahihi. Na mpangaji naye asikatae kutoa mkono kwenye mtaro kwa kusema nyumba si yake. Godoro lililolowa ni lake.

Jumamosi tunaanzia kalavati la chini kabisa, lile la karibu na reli, saa moja asubuhi kabla jua halijakaza. Tunahitaji matoroli sita. Mpaka sasa tumeahidiwa mawili. Makoleo yapo. Tipa limepatikana, ila mwenye tipa anasema halitaingia kichochoroni, litasimama barabarani, kwa hiyo mwenye meza ya nyanya pale kona, tafadhali mama, itabidi uisogeze mpaka saa sita.